Jiwe Lililogeuka Rangi Dirishani Kwangu

Alhamisi, hapa Kambarage, Shinyanga mjini. Mawingu yametanda tangu asubuhi, joto limebana, na mvua yenyewe imegoma kushuka.

Wanakuja saa kumi.

Nimefua nguo ambazo zilikuwa safi. Nimepiga deki sebule, nikaikanyaga na matope ya uani, nikapiga deki tena. Mume wangu, Baba Kulwa, alinitazama kidogo, akachukua kofia yake, akasema anakwenda kuiangalia baiskeli kwa fundi. Baiskeli haina tatizo lolote. Ananijua tu, nikiwa hivi hata sufuria zinaniogopa.

Kwa hiyo nimebaki na simu hii ninayoandikia na kopo la kahawa juu ya kabati. Ndani ya kopo mna jiwe. Wasomaji wangu mliozoea niwaletee vituko vya wanangu pacha na umbea wa bombani, leo mnisamehe. Naandika ili mikono ipate kazi, nisije nikalitwanga lile jiwe kwa mchi, nikalimwaga chooni, yakaisha.

Maana nimewaza kufanya hivyo. Zaidi ya mara moja.

Jiwe ni la Masanja. Masanja ni mtoto wa marehemu kaka yangu Mayunga.

Ona sasa. Nimeandika "marehemu". Kwenye ukoo wetu neno hilo halijawahi kuwekwa mbele ya jina la Mayunga, na mimi ndiye niliyekuwa mkali kuliko wote kwa yeyote aliyeteleza ulimi. Sitalifuta. Acha likae hapo nilitazame.

Kaka alikuwa mchimbaji mdogo huko Geita. Masika moja, Masanja akiwa bado ananyonya, duara lao liliporomoka. Duara ndilo shimo la wachimbaji: linashuka chini kama kisima, halafu linakata kona kuufuata mwamba wenye dhahabu. Wengine walitolewa wakiwa hai. Wengine walitolewa wamefunikwa turubai. Kaka hakutoka upande wowote. Maji yakajaa mle ndani, waliokuwa wanaokoa wakakata tamaa, watu wakahama, pakaota majani.

Kisha akatokea mtu mmoja akasema alimwona Mayunga pale Katoro siku ya pili yake, anapanda gari na begi mgongoni, mzima wa afya.

Neno hilo limenilisha mimi, na limemkaba koo wifi yangu. Mimi lilinipa kaka aliye hai. Nikajiambia amechoka maisha, yuko Chunya, yuko Kongo, ana mke mwingine, siku moja atarudi na aibu zake nimtukane nikichoka nimkumbatie. Wifi, yaani Mama Masanja, lilimpa jina la mwanamke aliyekimbiwa na mume. Hakukaa msiba, maana msiba wa nani? Wanawake wenzake wa jumuiya wakawa wanamtazama kwa jicho la pembeni. Na mimi, Mungu anisamehe, nilipendelea mambo yabaki hivyo hivyo. Nilitaka kaka yangu awe mshenzi kuliko awe maiti.

Kila asubuhi nikienda kazini napita stendi. Na kila asubuhi nawakagua wanaume wanaoshuka kwenye mabasi, wale wenye umri wake, wale wenye mabega yake. Hilo sijawahi kumwambia mtu, hata Baba Kulwa.

Basi. Jumapili ya wiki iliyopita Masanja alikuja kutoka Geita. Sasa ni mwanaume mzima, ndevu zimejaa, na naye ni mchimbaji, ingawa mama yake alimkataza mpaka sauti ikamkauka. Alifungua kiroba kibichi hapa hapa sebuleni. Ndani kulikuwa na bonge la udongo wa mfinyanzi, mweusi, na ubavuni mwa bonge vijiwe vimeota, vimesimama wima kama punje za mchele, safi kama glasi, na ukijani wa mbali sana. Hata mimi nilishika mdomo.

"Shangazi, wewe si ndiye mtaalamu wetu wa mawe," akasema. "Nipimie. Tumelipata kwenye duara jipya, mimi na wenzangu. Kuna dalali anasema huenda ni zumaridi."

Mtaalamu wa mawe! Nafanya kazi kwenye maabara ndogo inayowapimia watu mbale, yale mawe yanayodhaniwa yana dhahabu. Yanakuja kwenye viroba, tunayakausha, tunayasaga, tunayapima, tunamwambia mwenyewe kama ana bahati au hana. Nilisoma kidogo habari za miamba chuoni, vito sivijui hata kidogo. Lakini nani hapendi kusifiwa na mtoto wa kaka yake? Nikapokea. Nikapiga picha, nikaitupia kwenye kundi la ukoo kwenye simu. Wifi akajibu kwa ujumbe wa sauti, anacheka na kulia kwa pamoja, anasema Mungu ni mwema, sasa mwanangu atatoka kwenye hayo mashimo.

Halafu nikafanya kosa ambalo ni mtu wa kazi yangu tu angeweza kulifanya. Kwetu sampuli yenye maji haiguswi. Lazima ikauke kwanza. Nikaliweka jiwe dirishani, upande unaopigwa na jua la asubuhi, nikaenda zangu kazini.

Wiki ilikuwa ya pilika. Niliona jiwe linapata ubuluu, nikasema moyoni, huo ni udongo unakauka. Nikaliona limekuwa buluu ya wino, nikasema nitaliangalia kesho. Juzi Jumanne lilikuwa karibu jeusi, limepiga nyufa, na magamba madogo madogo yameanguka dirishani.

Na juzi Jumanne ndiyo siku ambayo Masanja alimleta dalali.

Dalali mwenyewe alikuwa jamaa wa shati la maua, mwenye haraka. Akalichukua jiwe, akalikwaruza kwa ukucha, likachubuka. Akacheka. "Mdogo wangu, umenitoa huko kote nije kuona mkaa?"

Masanja akatoa simu. Akaifungua picha yangu, ile niliyoituma mwenyewe kwa mbwembwe zote, akaishika kando ya jiwe. Akatazama picha. Akatazama jiwe.

"Shangazi, jiwe langu liko wapi?"

"Si ndilo hilo, mwanangu."

"Mimi si mtoto, shangazi. Jiwe langu liko wapi?"

Nilijaribu kueleza, lakini ningeeleza nini wakati mwenyewe sikuwa na jibu? Akatoka nje akipiga kelele. Jirani yangu Mama Rehema akaacha mihogo yake kwenye mafuta, fundi cherehani akatoka na tepu shingoni, wote wakasimama getini. "Jamani, njooni mwone! Mtu na damu yake anamwibia yatima!"

Yatima. Alisema yatima, mtoto tuliyemlea tukimwambia baba yake yuko safarini.

Dalali akamshika bega, akamwambia kama yapo mengine mfano wa yale ya kwenye picha, akachimbe, safari hii asimpe mtu. Masanja akaapa mbele ya mtaa mzima kwamba Ijumaa anarudi kule na nyundo kubwa, atabomoa upande wote ule, hatabakiza kitu. Wakaondoka. Majirani nao wakaingia ndani mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja aliyeniambia pole.

Ijumaa ni kesho.

Jana nilikwenda kazini na hasira zangu na jiwe lenyewe, bonge zima, kwenye leso. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu, kujisafisha. Wezi wapo kwenye ukoo wetu, sikatai, lakini si mimi.

Nililipasua kwa ncha ya kisu. Likaachana tabaka kwa tabaka, nyembamba, laini, kama ulanga. Na pale katikati, ambako mwanga ulikuwa haujafika, bado lilikuwa kijani. Kijani kile kile cha Jumapili! Nilipiga kelele, mwenzangu wa mashine ya kusaga akadhani nimeungua. Nikaacha gamba moja la kijani juani kwenye sahani, jingine nikalifungia kwenye kopo. Jioni lile la juani lilikuwa limeshaanza kuingia ubuluu. Lile la kopo halikuwa na habari.

Nimepona, nikasema. Ni mwanga. Hakuna aliyebadilisha jiwe, ni jua la Shinyanga.

Ningeishia hapo. Kila nikifikiria, ningeishia hapo ningekuwa nimelala usingizi.

Lakini kazi hii imenizoeza vibaya, nikianza kupima simalizii njiani. Nikayeyusha unga kidogo kwenye asidi, nikadondoshea ile dawa ya kupimia fosfati, nikapasha moto. Maji yakageuka njano, njano ya kiini cha yai la kienyeji. Ni fosfati. Fosfati, na chuma, laini kiasi hiki, inageuka buluu kwenye mwanga. Jina lake likanijia kutoka chuoni, kutoka kwenye somo nililokuwa nasinzia. Vivianaiti.

Acha nieleze taratibu, maana nikieleza mimi mwenyewe napumua.

Vivianaiti ni jiwe linaloota kwenye giza. Linataka chuma, linataka fosfati, linataka maji yaliyotulia, na linataka hewa isifike kabisa. Udongo wa mfinyanzi uliojaa maji unaifungia hewa nje. Chuma kinayeyuka polepole kutoka kwenye mwamba, au kwenye kifaa cha chuma kilichosahauliwa mle. Kikikutana na fosfati ndani ya yale maji, vinashikana na maji yenyewe, na jiwe linaanza kuota, kidogo kidogo, miaka na miaka, bila rangi kabisa au na ukijani tu wa mbali. Siku likitolewa nje, mwanga na hewa vinakibadilisha kile chuma kilichomo, ni jamaa yake kutu tu, na rangi inakwenda buluu mpaka nyeusi. Halirudi tena lilivyokuwa. Si jiwe la kuonekana kila siku, na si la kuvaa pete. Ukucha unalichuna.

Sawa. Chuma hakina shida huku kwetu, udongo wenyewe mwekundu. Maji hayana shida.

Fosfati imetoka wapi?

Nilijipa majibu yote. Inaweza kutoka kwenye mizizi iliyooza. Inaweza kutoka kwenye kinyesi cha popo. Huwa inaota hata kwenye matope ya ziwa, penye miiba ya samaki. Nikaligeuza bonge, nikalisafisha kwa brashi, nikaliweka chini ya lenzi, naomba nione mzizi. Udongo ukatoka. Chini ya vijiwe kulikuwa na kitu cha rangi ya kahawia, chepesi, chenye vitundu vitundu kama mkate.

Nimechemsha supu ya mifupa maisha yangu yote. Nakijua kile kitu.

Na ng'ombe hawashuki kwenye duara.

Duara jipya haliwezi kutoa jiwe hili. Duara jipya limechimbwa majuzi, lina hewa, halina maji yaliyolala miaka. Masanja amenidanganya. Lipo duara moja tu ambalo mtoto yule angedanganya kwamba hakulitoa huko.

Sasa mnaelewa kwa nini sikai chini.

Nimempigia wifi simu asubuhi, nikamwambia njoo na Masanja, nina maelezo ya jiwe. Wametoka Tinde, kwake wifi, mchana. Na mimi hapa najua kwamba nusu ya ukweli inanitosha. Napasua jiwe mbele yao, waone kijani, naeleza habari za mwanga, wananiomba radhi, mtaa unasikia, jina langu linarudi. Mayunga anabaki Chunya au Kongo, anazeeka taratibu, na mimi naendelea kumtafuta stendi.

Lakini kesho Masanja anashuka na nyundo kubwa, atavunja alichokipata na kukipakia kwenye kiroba, na atakachokivunja ni baba yake.

Geti linalia. Wamefika.

Nimerudi. Ni magharibi, na nyumba imejaa watu. Nimejificha jikoni niandike kabla halijapoa, maana nikiliacha mpaka kesho nitaanza kulipamba.

Wifi aliingia na kitenge chake cha kanisani. Nikampa maji, akayaweka chini bila kunywa. Masanja alisimama mlangoni na kofia kichwani. Shikamoo hakunipa, na mimi sikumdai.

"Wifi," akasema, "mimi sikuja kugombana. Nimekuja unitazame machoni uniambie."

Nikamtazama machoni. Nikafungua kopo, nikachukua kisu, nikaukata ule weusi. Jiwe likaachana. Kijani kikatokea. Nikamwonyesha kona moja iliyomeguka kwenye picha, na kona hiyo hiyo kwenye jiwe. Nikaeleza mwanga, nikaeleza dirisha, nikaeleza ujinga wangu wa kukausha kila kitu.

Masanja akasogea. Akachukua gamba la kijani, akalishika kwenye mwanga, akaligeuza. "Kwa hiyo ni jua?"

"Ni jua. Na aliyeliweka juani ni mimi."

Wifi akapumua pumzi ndefu, akapiga paja. "Mayu, mama yangu! Na mimi nimetoka Tinde nasali njia nzima!" Masanja akavua kofia, akainama mpaka chini kabisa, kama alivyokuwa anainama akiwa darasa la kwanza.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

Nilitaka iishie hapo. Nawaambia kweli, niliitaka ile dakika kama mtu anavyotaka maji. Wifi alikuwa anacheka. Mtoto alikuwa amerudi. Halafu Masanja akasema, kwa furaha kabisa, "Basi kesho nikichimba nitayafunga kwenye nailoni nyeusi. Yamejaa mle, shangazi, ukuta mzima!"

Nikaweka kisu chini.

"Masanja," nikasema, "umelitoa wapi?"

"Si nilikuambia? Duara jipya."

"Duara jipya halina jiwe hili, baba."

Nikaeleza nusu ya pili. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtu anayesoma tangazo. Nikasema maji yaliyolala miaka, nikasema chuma, nikasema hewa isifike. Nikasema na mfupa. Nikaligeuza bonge, nikawaonyesha vile vitundu.

Wifi hakuliangalia jiwe. Alimwangalia mwanawe.

"Ulikwenda pale?"

Masanja akaikunja kofia yake.

"Nakuuliza, mwanangu. Ulikwenda pale?"

"Maji yameshuka, mama," akasema, na sauti ikawa ya mtoto. "Wenzangu walisema mwamba wa pale ni mzuri, uliachwa mzima. Tukaingiza pampu."

"Na kondoo?"

Hapo akaanza kulia. Kule machimboni duara lililoua watu halifunguliwi hivi hivi. Wanaolifungua wanawatafuta kwanza ndugu wa waliobaki ndani, wanaomba, kondoo anachinjwa, ndipo mtu anashuka. Kila mchimbaji anajua.

"Tungemchinja vipi, mama? Lazima tuwaombe ndugu. Ndugu mwenyewe ni wewe."

Nilidhani wifi atampiga. Hakumpiga. Akamuuliza polepole, kama anayeuliza habari za safari, wamekuta nini kingine mle. Masanja akasema hakuna, matope tu na miti iliyooza. Akafuta kamasi. Kisha akasema kulikuwa na tindo ya zamani, patasi ile ya kupasulia mwamba, imeliwa na kutu karibu iishe, ilikuwa imegandamana na lile bonge. Sehemu ya kushikia imezungushiwa mpira wa ndani wa baiskeli.

Wifi akanyoosha mkono, mkono mtupu, akaushika hewani.

"Mpira umefungwaje?"

"Umezungushwa tu, mama, halafu una fundo."

"Fundo gani? Nionyeshe."

Nikamkatia Masanja kipande cha kamba ya kuanikia nguo. Akazungusha kwenye mpini wa kisu changu, akapitisha juu, akarudisha chini, akakwama. Wifi akaichukua kamba. Akamalizia yeye, bila hata kuangalia, akavuta. Lilikuwa fundo la kufungia ndama, ambalo likilowa ndiyo linakaza zaidi. Baba yake wifi alimfundisha zizini akiwa msichana, na sijawahi kumwona mtu mwingine akilifunga nje ya boma lao.

"Ni hili," Masanja akasema.

"Kiganja kilikuwa na lengelenge," wifi akasema. "Chuma kilikuwa kinamchubua. Nikamwambia lete nikufungie. Akaniambia nifanye haraka, wenzake wanamsubiri."

Nje Mama Rehema alikuwa anamwita mtu anunue mihogo.

"Hakupanda gari," wifi akasema.

"Hakupanda, wifi."

"Hakunikimbia. Hakupanda gari lolote."

Miaka yote ile niliyanywa maneno ya yule mtu wa Katoro kama chai, nikayakaribisha moyoni mwangu, na huyu mwanamke amekaa Tinde akiuza dagaa huku watu wanamcheka. Nilishuka kwenye kochi nikampigia magoti. Nikamwambia nilitaka awe hai, wifi, nilitaka awe hai hata kwa gharama yako. Akanishika kichwa. Akasema anajua. Akasema hata yeye, siku nyingine, alitamani iwe kweli, angalau apate wa kumlaani.

Kisha akalitazama jiwe kwa mara ya kwanza, kwa kulitazama kweli. Nikamweleza, maana aliuliza, kwamba chuma pengine ni cha ile tindo, na fosfati ni ya mfupa wake mwenyewe, na maji yamevishona pamoja. Akalipitishia kidole. Akauliza kama likiendelea kukaa hapa mezani litazidi kuwa jeusi. Nikasema ndiyo.

"Kumbe huyu anaogopa jua?" akasema. "Huyu aliyekuwa hawezi kukaa ndani hata siku ya mvua?" Na akacheka, cheko moja fupi, Masanja naye akacheka na machozi yake. "Funika, wifi. Funika kopo."

Nikafunika.

Ndipo alipopiga ukunga. Sijawahi kuusikia ukunga wa namna ile ndani ya nyumba yangu, ulikuwa umekaa ndani yake tangu Masanja akinyonya. Majirani wakaja mbio. Mama Rehema akawa wa kwanza, na mwiko wa mafuta mkononi, akatutazama watatu, akaangalia kama kuna aliyepigwa. Nadhani alidhani ni yale yale ya Jumanne.

Wifi akainua uso. "Nimefiwa na mume wangu," akamwambia.

Mama Rehema hakuuliza lini. Akaweka mwiko chini, akavua kanga ya begani, akamfunga wifi kiunoni. Fundi cherehani akatoa benchi lake. Mtu akaleta mkeka, mwingine akaleta mkeka, watu wale wale walioniangalia getini wakaanza kuvua viatu mlangoni kwangu. Baba Kulwa amerudi na baiskeli yake isiyo na tatizo, akakuta msiba nyumbani, akanitafuta kwa macho. Nikamwambia ni Mayunga. Akakaa chini pale pale alipokuwa.

Masanja yuko uani anaongea na simu. Namsikia. Anawaambia wenzake pampu izimwe, hakuna kushuka, hakuna kugusa kitu. Kesho anakwenda, lakini bila nyundo. Anakwenda na mjomba wake kwa mwenyekiti wa kijiji na polisi, na wanapitia mnadani kutafuta kondoo. Tukimpata wote, au tukimpata kidogo, tutamlaza Tinde kwa mke wake. Kopo litazikwa naye. Limefungwa kwa nailoni nyeusi, na juu yake wifi ameweka fundo lake.

Mvua imeanza kudondoka kwenye bati. Wanawake wanaimba sebuleni na mimi natakiwa kwenda kuweka maji ya chai.

Kesho asubuhi nitapita stendi nikienda kuomba ruhusa kazini. Mabasi yatakuwa yanashusha watu kama kawaida. Nitajaribu kupita tu.